Dawa za Miezi Mitatu na Benchi la Jumanne

Mwaka juzi shangazi yangu, mkazi wa Ngamiani, Tanga, alipata habari ambayo ukoo mzima uliiona njema. Presha yake ilikuwa imetulia, sukari nayo haikuwa mbaya, kwa hiyo kliniki anakohudhuria ikaamua kumpa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo badala ya mwezi mmoja. Nauli imepungua, foleni imepungua, magoti yamepumzika. Nikampigia simu kumpongeza. "Ahsante mwanangu," akanijibu kwa sauti ya mtu anayepokea pole. "Sasa Jumanne yangu ndiyo basi tena?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kliniki alikuwa akiamka alfajiri, anajifukiza udi, anatoa doti ya leso aliyoiweka kwa siku hiyo tu, kisha anapanda bajaji na majirani wawili wakichangiana nauli. Wanafika saa moja. Daktari anafika saa tatu. Saa mbili hizo, ambazo mimi na wewe tungezilalamikia, ndizo zilizokuwa siku yenyewe. Pale benchini anajua nani kafiwa na nani kaozesha, kidonge kipi kinaleta kikohozi na nani kabadilishiwa, mtoto wa nani aliyeko Muscat katuma hela na wa nani kanyamaza. Mwenzao asipoonekana kliniki mbili mfululizo, mmoja anatumwa kumgongea mlango. Ufuatiliaji wa namna hiyo hospitali zetu huuandikia miradi na kuuombea fedha. Wale wanawake waliufanya bure, wakisubiri kuitwa majina.

Sina ugomvi na dawa za miezi mitatu. Kumtembeza mgonjwa wa miaka 74 kila mwezi kwa ajili ya vidonge vilevile ni kumtesa. Ninachosema ni kwamba ile kliniki ilikuwa ikitoa huduma mbili na yenyewe ikijua moja. Ilipoboresha moja ikaifuta nyingine, na haikuwepo safu kwenye daftari lake ya kuandika hasara hiyo. Mipango yetu mingi ya wazee imejengwa hivyohivyo. Tunahesabu vidonge, tunahesabu vitambulisho vya matibabu, tunahesabu kaya zilizopokea ruzuku. Benchi halimo.

Kuna daktari mmoja aliyelihesabu. Dixon Chibanda ni tabibu wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya nchi yake ilibomoa makazi na vibanda vya maskini mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina, ikaacha watu wengi bila paa wala riziki. Mwaka uliofuata Chibanda alitaka kuanzisha huduma ya afya ya akili katika kitongoji cha Mbare, Harare. Hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa kujitolea wa afya, na uwanja wa nje wa kliniki. Wakaweka benchi chini ya mti. Mtu aliyelemewa anaketi na bibi, anasimulia, bibi anasikiliza, kisha wanachambua pamoja: katika yote haya, lipi tuanze nalo wiki hii?

Mabibi hao walikataa lugha ya vitabu. Neno "sonona" lingemfukuza mtu, kwa hiyo wakatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza mno. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Sisi nasi husema fulani "ana mawazo" na kila mtu akaelewa kwamba mambo si mazuri. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare, ukihusisha watu 573, yalichapishwa kwenye jarida la madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, waliokaa na kina bibi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshavuka mipaka, likafika Malawi, Zanzibar, hata New York.

Watu wakilisimulia jambo hili hustaajabia kwamba bibi asiye na shahada anaweza kutibu. Mimi linalonigusa ni jingine. Katika mpango ule mzee ndiye anayengojewa. Ana zamu, ana kiti, kuna mtu anakuja saa nne na atahuzunika asipomkuta. Ukitaka kuona umbali uliopo kati ya wazo hilo na mazoea yetu, hudhuria sherehe za tarehe 1 Oktoba.

Siku ya Kimataifa ya Wazee iliamuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, ikaanza kuadhimishwa 1991, nasi tumeshaizoea kiasi cha kuwa na taratibu zake. Wazee wanaletwa uwanjani asubuhi, wanavishwa fulana zenye kaulimbiu, wanakaa juani wakimsubiri mgeni rasmi. Risala inasomwa. Ahadi inatolewa. Mchele na sabuni vinagawiwa huku kamera zikiwaka. Tarehe 2 Oktoba mzee anaamka hana pa kwenda, na fulana amempa mjukuu. Kuna na ule utamaduni wa marais wetu, tangu enzi za Mwalimu, kuwaita wazee wa Dar es Salaam na kuwahutubia jambo zito la taifa. Nimekuwa nikiutazama miaka mingi na bado sijazoea: wazee wanaitwa ili wasikilize. Mabaraza ya wazee yaliyoundwa kuanzia vijijini na mitaani kwenda juu yameambukizwa tabia hiyohiyo. Pengi yana mwenyekiti na katibu, lakini hayana siku ya kukutana.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuguna. Wazee wana njaa, wewe unatuletea habari za benchi na maongezi. Ana haki ya kuguna, na hoja yake nitaijibu kwa fedha.

Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefika miaka 70, bila kumuuliza aliwahi kuajiriwa au ana mtoto tajiri, na fedha zikitoka hazina ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, iliyofunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 kuanzia 2018. Uganda hulipa 25,000 zake kwa waliofika 80, umri ambao wengi hawaufikii. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, ina dirisha la wazee hospitalini lenye bango la kuwataka watu wampishe mzee, na ina ruzuku za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya zilizothibitika kuwa maskini. Pensheni ya wazee wote haina. Na dirisha la wazee, yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi analijua: kumuona daktari ni bure, kisha unapewa karatasi ukanunue dawa duka la jirani.

Kwa hiyo naam, fedha kwanza. Lakini tazama fedha hizo hufanya nini zinapofika. Katika Muleba, mkoani Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, kizazi cha kati kiliondoka na kuwaacha bibi na wajukuu wakitazamana. Mwaka 2003 shirika dogo la Kwa Wazee lilianza kuwapa baadhi ya kina bibi hao pensheni ya kila mwezi, shilingi elfu chache tu, na nyongeza kwa kila mtoto waliyemlea. Tathmini yake ya 2008 ilipowauliza matumizi, vitu vilivyotajwa vilikuwa vya kawaida kabisa: chumvi, sabuni, viatu vya shule. Fikiri kidogo kuhusu sabuni. Mtu asiye na sabuni haendi msibani, haendi kanisani wala msikitini, hakai karibu na watu. Bibi wa Muleba aliponunua mche wa sabuni alikuwa ananunua ruhusa ya kutoka nje. Na wanaoendesha mpango ule walielewa hivyo, maana pembeni ya fedha wakawapanga wazee katika vikundi vya kusaidiana, wenye nguvu kidogo wakiwatazama waliolala kitandani.

Hapo ndipo fedha na benchi vinapokutana. Ukitoa fedha bila benchi, mzee anakula peke yake. Ukitoa benchi bila fedha, hatakuja, ataona aibu ya nguo.

Na upo ushahidi kwamba kukutana kunafika hadi kwenye ubongo. Jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilitoa ripoti mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Presha na sukari zimo, kutosikia vizuri kumo, na kutengwa na watu kumo. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, ambayo mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Mzimbabwe Chido Mpemba, ikakadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Takwimu za dunia hunipita juu ya kichwa, kwa hiyo nitashuka hadi Hai, Kilimanjaro.

Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wazee wa wilaya ya Hai kwa miaka mingi. Walikuta wenye ugonjwa wa kusahau wapo, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ni ugonjwa. Nyumbani ilisemwa ni uzee, au jambo la majirani. Kisha wakajaribu tiba isiyo na kidonge. Wazee wanakusanywa katika kikundi kidogo, vikao 14 ndani ya wiki saba: kuimba, kutaja vyakula na bei zake, kushika vifaa vya zamani na kueleza vilitumikaje, kujadili habari za siku. Tiba hiyo ilibuniwa Uingereza, na kuileta Hai kulihitaji kuipanga upya, kwa kuwa wapo wasiojua kusoma na wapo wasioona vizuri. Walioshiriki walionyesha unafuu katika uwezo wa kufikiri, na wasiwasi wao ukapungua. Soma tena orodha ya walichofanya. Kuimba, bei za vyakula, vitu vya zamani, habari za siku. Ni baraza lile! Ni gahawa ya asubuhi, ni jamvi la kina mama wanaopepeta mchele wa shughuli, ni bao chini ya mwembe. Tulichokuwa nacho kimeondoka kimyakimya mlango wa mbele, sasa kinarudi mlango wa nyuma kikiwa kimevaa koti jeupe.

Kimeondokaje? Nitazungumzia njia moja tu, kwa kuwa nina hatia nayo mwenyewe. Mtoto amefanikiwa mjini, amejenga Goba au Kibada, na mama ameanza kuyumba kijijini. Ukoo unakaa, uamuzi unatoka: mama aje Dar. Anapewa chumba chenye choo chake, godoro zuri, feni, televisheni. Asubuhi watu wanatoka saa kumi na moja kuwahi foleni ya barabara, wanarudi saa mbili usiku. Geti limefungwa kwa usalama. Kuta ni ndefu, jirani hamjui kwa jina, na dada wa kazi ana miaka 19 na simu yake. Jioni mtoto anauliza maswali ya uangalizi: mama amekula? Amekula. Amemeza dawa? Amemeza. Mama ni mfungwa wa heshima. Mwezi wa tatu anaanza kudai arudi kwake akapalilie migomba, na watoto wanaambizana pembeni kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Kwangu ilichukua miezi mitano kabla sijakubali kumrudisha mama, na hadi leo sina hakika kama niliogopa kwa ajili yake au niliogopa maneno ya watu.

Ndiyo maana siipokei ile kauli kwamba Mwafrika hana haja ya mipango ya wazee, ukoo unatosha. Ukoo unatoa chakula na matibabu kadiri unavyoweza. Rika hauwezi kulitoa. Mtoto hawezi kuwa rika la mama yake hata akimpenda vipi, na mjukuu hawezi kuukumbuka utani wa mwaka 1968. Kauli hiyo pia ni nafuu mno kwa mtu anayepanga bajeti.

Bajeti zenyewe ziangalieni. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mzee kama mzee hana fungu. Bibi anaweza kupenya kwa jinsia yake, akubaliwe na kikundi cha wanawake wenye nusu ya umri wake. Babu hana hata tundu hilo. Wazee wamelalamika, wamejibiwa kwamba mikopo inataka marejesho. Sawa, basi wasikopeshwe. Mkeka, birika la chai, na posho ya mwezi ya mhudumu wa afya wa jamii atakayewaongoza wazee 20 kila wiki havihitaji mkopo. Vinahitaji mstari mmoja kwenye bajeti ya kata.

Hata mazoezi tumeyapeleka kwa wenye misuli. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na Zanzibar vikundi vya mazoezi vina siku yao kubwa kila tarehe 1 Januari. Ni mambo mazuri. Ila ukisimama barabarani unaona wenye viatu vya bei wakikimbia, na mzee amekaa kibarazani anawapungia mkono. Anachohitaji yeye ni kuinuka kitini mara kumi bila kushika meza, kusimama mguu mmoja akishika ukuta, kunyoosha mabega. Akivunjika nyonga chooni, gharama yake itaumeza mwaka mzima wa mapato ya watoto. Mazoezi hayo yanafanyika vizuri tu pale benchini, daktari akiwa bado hajafika.

Naamini kliniki za presha na sukari ndizo mahali pa kuanzia, kwa sababu wazee wenyewe walishaanza. Wapeni dawa za miezi mitatu, na siku ibaki. Wa mtaa mmoja wapangwe Jumanne moja. Wasio na zamu ya kumuona daktari waje kupimwa presha, wanyooshe viungo nusu saa, wanywe uji, waondoke. Anayekosekana ajulikane kakosekana. Wawili watatu kati yao wenye subira wafundishwe kusikiliza, kama wale wa Mbare. Wanaume watasuasua, mwanaume wa pwani ukimwambia njoo kwenye kikundi cha afya atakwambia ana shughuli, ilhali shughuli hana tangu alipostaafu bandarini. Huyo wekeeni bao, na kipimo cha presha kikae karibu na bao.

Shangazi hakungoja sera. Wiki ya pili ya uhuru wake alikwenda kliniki Jumanne, udi na doti vilevile, akaketi mahali pake. Muuguzi akamwona. "Bi mkubwa, tarehe yako si bado miezi miwili?"

"Naijua tarehe yangu," akajibu. "Leo nimemsindikiza huyu."

Jumanne iliyofuata alimsindikiza mwingine. Sasa huenda mara nne kwa mwezi, zaidi ya alivyokuwa akienda kabla ya kupunguziwa safari. Muuguzi ameacha kuuliza, amempa rundo la kadi za namba awagawie wanaofika. Mwezi uliopita nilimpigia Jumanne asubuhi, akaniambia nipige jioni, yuko kazini.